Frick pale New York: juu sasa unapanda

Wapo wanaosema kwamba Frick, makumbusho ya sanaa yaliyo kwenye nyumba ya zamani ya tajiri Henry Clay Frick, mgeni anaishia ghorofa ya chini tu. Hapana, hiyo imepitwa na wakati. Tangu Aprili 2025, ile nyumba ya Frick pale Fifth Avenue ilipofunguliwa tena baada ya ukarabati wa miaka kadhaa, wageni wanapanda ngazi ya marumaru hadi vyumba walivyokuwa wanalala akina Frick wenyewe, nami nimepanda, nakwambia huko juu ndo utamu wenyewe maana chini unaona utajiri wa kuonyesha wageni ila juu unaona kabisa watu waliishi hapa. Zamani kamba ilikuwa inakuzuia kwenye ngazi kwa sababu huko juu kulikuwa maofisi ya makumbusho. Usikose chumba cha Boucher (jina la mchoraji Mfaransa, François Boucher), kilikuwa sebule binafsi ya mama mwenye nyumba, Adelaide, wakakihamishia chini miaka mingi na sasa wamekirudisha mahali pake.

Ila angalia, watoto chini ya miaka 10 hawaingii kabisa, hata wakiwa na wazazi, kwa hiyo kama unaenda na wadogo panga mtu wa kubaki nao Central Park, iko ng'ambo ya barabara tu.