Ekseleta ya Baiskeli ya Umeme Ikigoma: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Baiskeli ya umeme ikikataa kuondoka, lawama huanzia kwa ekseleta. Haishangazi. Ndiyo sehemu tunayoishika mkononi, bei yake ni ndogo ukilinganisha na kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota) au mota yenyewe, na kuibadilisha hakudai kufungua gurudumu. Lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikizitengeneza baiskeli hizi, zangu na za jamaa zangu, nimeona watu wakinunua ekseleta mpya, wakaifunga vizuri, na baiskeli ikabaki imenuna vilevile kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye breki au kwenye plagi. Ekseleta ina nyaya tatu zenye kazi. Ukizipima hizo, utajua mgonjwa ni nani kabla hujafungua mkoba.

Ni vizuri kujua kwanza kilichomo ndani, maana ukishaelewa hapo mengine yote yanafuata. Ekseleta nyingi za siku hizi, ziwe za kusokota au za kubonyeza kwa dole gumba, hazina vyuma vinavyogusana. Sehemu inayozunguka imebandikwa kipande cha sumaku kilichopinda kama ukingo wa kikombe. Karibu nacho kimekaa kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko ukucha: hiyo ndiyo sensa ya Hall, iliyopata jina kwa Edwin Hall, mwanafizikia wa Marekani aliyegundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri mkondo wa umeme. Sumaku ikisogea, volti zinazotoka kwenye sensa hubadilika. Basi.

Kontrola huilisha sensa hiyo volti 5 hivi kupitia waya mwekundu. Waya mweusi ni hasi. Waya wa tatu, ambao mara nyingi ni wa kijani au mweupe, ndio unaopeleka ishara. Ekseleta ikiwa imeachiwa, ishara huwa kati ya volti 0.8 na 1. Ukiivuta hadi mwisho, hupanda taratibu mpaka volti 3.5 au hata 4.2. Kontrola husoma kiwango hicho na kuamua impe mota nguvu kiasi gani.

Angalia kwamba hesabu haianzi sifuri wala haiishii 5. Nafasi hizo mbili zimeachwa kwa makusudi. Waya wa ishara ukikatika, kontrola husoma sifuri na kujua kuna kasoro. Waya mweusi ukikatika, ishara huruka hadi karibu volti 5, na kontrola nzuri hukata mota papo hapo. Nasema nzuri kwa sababu zipo zisizo na ulinzi huo, na kwa hizo waya mweusi ukiachia maana yake ni mota kwenda kasi yote bila wewe kugusa kitu. Kwa hiyo baiskeli inayoshtuka yenyewe, inayovuta na kuachia, au inayoendelea kukimbia baada ya kuachia ekseleta, usiipande tena hata kwa safari fupi. Izime, utoe betri, kisha uitafute kasoro. Inayokataa kabisa kuondoka itakuchelewesha tu, lakini hii itakuumiza.

Kabla ya kutoa multimita, yaani kipima umeme, ihoji baiskeli yenyewe. Ukipiga pedali, mota inasaidia? Kama inasaidia, betri ni nzima, mota ni nzima, na sehemu kubwa ya kontrola ni nzima. Umebaki na ekseleta, plagi yake na waya wake. Kama pedali nazo hazileti msaada, usiing'ang'anie ekseleta. Tazama pia skrini. Nyingi huonyesha namba ya hitilafu: kwa skrini za chapa ya KT, 01 ni hitilafu ya ekseleta; kwa mifumo ya chapa ya Bafang, 04 ni ekseleta ambayo haikurudi mahali pake na 05 ni hitilafu ya ekseleta yenyewe. Baiskeli nyingine huizima ekseleta ukiweka kiwango cha msaada sifuri, au huikubali tu baada ya gurudumu kuanza kuzunguka. Hiyo si kasoro, imepangwa hivyo.

Kisha breki. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mikono ya breki ya baiskeli nyingi za umeme ina swichi inayokata mota pale unapokamata breki. Mkono usiporudi vizuri kwa sababu ya kutu au kebo iliyokazwa mno, au kisumaku cha swichi kikisogea, kontrola huamini kwamba umekamata breki muda wote. Ukiivuta ekseleta, dalili yake inafanana na ekseleta iliyokufa. Chomoa plagi za swichi hizo, moja baada ya nyingine, gurudumu likiwa juu, ujaribu tena. Mota ikizunguka, umeshampata. Ukimaliza kujaribu zirudishe plagi hizo, kwa sababu siku ya dharura utahitaji mota ikatike ukishika breki.

Jambo jingine la haraka: zima baiskeli, achia ekseleta kabisa, washa upya. Kontrola nyingi zikiwashwa huku ishara iko juu kuliko inavyotakiwa, hukataa kufanya kazi mpaka ziione imerudi chini. Ekseleta iliyojaa vumbi au iliyobanwa na raba ya kushikia inaweza kusimama milimita chache tu kabla ya mwisho wake, na hizo zinatosha.

Kupima

Inua gurudumu lenye mota lisiguse chini, na baiskeli isimame imara. Usimruhusu mtoto asogee. Weka multimita kwenye volti za DC (umeme wa aina ya betri), kipimo cha 20. Usichomoe plagi ya ekseleta. Ingiza ncha za multimita kwa nyuma ya plagi, upande nyaya zinapoingilia, ili upime mfumo ukiwa umewashwa na unafanya kazi. Ncha hizo zisigusane. Ncha nene zinaweza kuunganisha waya mwekundu na wa ishara, na kontrola itaelewa kuwa umevuta ekseleta yote. Mimi hutumia sindano nyembamba za kushonea, nimezishika kwa vibanio vya multimita. Kwa plagi za duara zisizopitisha maji hakuna nafasi ya kuingiza sindano nyuma. Hapo utafute kipande cha waya wa kuunganishia chenye plagi ya aina hiyohiyo, ukikwangue kidogo katikati upimie hapo, badala ya kutoboa waya wa baiskeli.

Anza na mwekundu dhidi ya mweusi. Ukipata volti 4.3 hadi 5, chakula kinafika. Usipopata kitu, chomoa ekseleta na upime upande wa kontrola. Volti zikirudi, ekseleta ina shoti ndani na ndiyo iliyokuwa inazivuta chini. Zisiporudi, usikimbilie kuihukumu kontrola. Volti 5 hizo kwa kawaida hugawanywa: sensa ya pedali, ile inayotambua kwamba unapiga pedali, inazitumia, na sensa za ndani ya mota pia. Mmoja wao akipata shoti, wote hulala njaa. Chomoa sensa ya pedali, pima. Chomoa plagi ya sensa za mota, pima. Zisiporudi hata baada ya kuchomoa vyote, hapo kweli ni kontrola.

Volti 5 zikiwepo, hamia kwenye waya wa ishara dhidi ya mweusi. Vuta ekseleta polepole ukitazama namba. Inatakiwa kupanda bila kuruka na kushuka bila kukwama. Ikianzia 0.8 ikafika 3.5 au zaidi bila kigugumizi, ekseleta ni nzima na hupaswi kuibadilisha. Ikibaki palepale, sensa imekufa au waya umekatika. Ikianzia 1.4 au 1.5, mara nyingi gundi imeachia na sumaku imeteleza, au springi imechoka. Ikiruka-ruka, fikiria maji au waya uliochakaa.

Usimalize bila kugeuza usukani. Acha multimita ikiwa imeunganishwa, geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia, huku ukiukunja waya kwa vidole pale unapoiacha ekseleta na pale unapoingia kwenye fremu. Nyaya za ekseleta ni nyembamba sana, na hukatika ndani wakati gamba la nje halina hata mkwaruzo. Ukipapasa kwa vidole unaweza kupahisi: sehemu moja inakunjika kirahisi kuliko nyingine, kwa sababu ndani shaba imeshakatika na kilichobaki ni plastiki. Kasoro ya namna hii ndiyo inayofanya baiskeli iende vizuri barabara iliyonyooka na kuzimika kwenye kona.

Kagua plagi pia. Ukiona kijani au weupe kwenye pini, ni kutu ya maji. Safisha kwa sprei ya kusafishia viungo vya umeme, kausha, rudisha. Ekseleta nyingi zilizohukumiwa kifo hufufuka hapa.

Kuchagua mpya

Kuna wanaofungua ekseleta na kubadilisha sensa peke yake. Inawezekana: sensa inayotumika sana ni ya aina ya 49E, na ukiitazama uso wenye maandishi miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni chanya, hasi, ishara. Lakini kwa ushauri wangu badilisha ekseleta nzima, isipokuwa kama haipatikani. Sensa isipokaa mahali palepale na umbali uleule kutoka kwenye sumaku, namba hazitakuwa zilezile, na maji yataingia pale ulipofungulia.

Unaponunua, angalia usukani wako una kipenyo gani. Wa kawaida ni milimita 22.2. Angalia ni ya upande gani, kulia au kushoto, na kama itapishana na mkono wa breki na vibadili gia. Kama njia zako zina mashimo mengi, chukua ya dole gumba: ya kusokota ni rahisi kuivuta bila kukusudia mwili unaporushwa, au unapoisukuma baiskeli ikiwa imewashwa.

Halafu plagi. Usiamini rangi za nyaya, na usiamini kwamba plagi inayoingia ni plagi inayofaa. Nimeona ekseleta mbili zenye plagi zinazofanana kabisa, moja ikiwa na ishara katikati na nyingine ikiwa na hasi hapo. Kilicho hatari zaidi ni ekseleta zenye nyaya za ziada, zile zenye taa za kuonyesha betri, ufunguo au kitufe. Nyaya hizo za ziada mara nyingi hubeba volti za betri nzima, 36 au 48 au zaidi. Ukigusisha mmoja wao na waya wa sensa, umeua sensa, na huenda ukaichukua kontrola pamoja nayo. Pima upande wa kontrola kwanza, andika kwenye karatasi pini ipi ina volti 5 na ipi ni hasi, ndipo ulinganishe na ekseleta mpya.

Kufunga

Zima, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki kwenye kontrola uishe. Raba ya kushikia hutoka kwa maji ya sabuni yaliyoingizwa chini yake kidogo kidogo, huku ukiizungusha. Usiikate. Legeza skrubu ya ekseleta kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), itoe, weka mpya, lakini usiikaze bado. Kaa kwenye baiskeli, shika usukani kama kawaida yako, uipange mahali ambapo kidole kinafika bila kukunja kifundo. Acha nafasi ya milimita moja au mbili kati yake na raba ili irudi bila kusugua. Kisha kaza kwa kiasi. Gamba la plastiki hupasuka ukilikaza kama unafunga gurudumu.

Plagi za duara zina mshale. Linganisha mishale, sukuma moja kwa moja, usizungushe, maana pini zake hupinda kwa urahisi sana. Kama unaunga waya, zipishanishe sehemu za kuungia zisikae sambamba, lehemu, funika kila mmoja kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, kisha funika zote pamoja. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu hakufai hapa: mguso ukilegea kwenye waya mweusi, unarudi kwenye ile hatari ya mota kukimbia yenyewe. Waya uache ulegee kiasi cha usukani kugeuka pande zote bila kuuvuta, na uteremke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye plagi ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Rudisha betri gurudumu likiwa bado juu. Washa bila kugusa ekseleta, mota isizunguke. Vuta polepole, achia ghafla, gurudumu likose nguvu mara moja. Kamata breki huku mota ikizunguka, ikatike. Geuza usukani pande zote huku umeivuta kidogo, mwendo wa gurudumu usibadilike. Yote yakienda sawa, safari ya kwanza ifanye mahali pasipo na magari.

Ile ya zamani usiitupe nzima. Kata plagi yake ukiiachia waya wa urefu wa kiganja, uihifadhi pamoja na karatasi uliyoandika pini zako. Safari nyingine huenda ukapata ekseleta nzuri yenye plagi isiyolingana, na kipande hicho ndicho utakachokiunga.