Maswali na majibu: sufu iliyo ndani ya piano

Fundi, piano ya kanisani kwetu imekuwa kali, kama mtu anagonga sufuria. Wenzangu wanasema waya zimechoka, tununue nyingine. (Mwalimu wa kwaya, Magomeni, Bagamoyo)

Msinunue waya bado, mwalimu. Fungueni piano mtazame nyundo, vile vichwa vyeupe vya felti (sufu iliyoshikana ikawa kitambaa kinene) vinavyogonga waya. Upande wa sauti nyembamba kila noti ina waya tatu, basi mtaona mifereji mitatu imechimbika. Ipapase kwa kidole, utakuta imekuwa ngumu kama kwato. Ukali unatoka hapo. Piga msasa laini kufuata umbo la nyundo mpaka mifereji ipungue, kisha choma sindano kwenye mabega, yaani pande mbili za nyundo, ili felti ilegee. Utosi unaogusa waya usiuchome ovyo, noti itakufa. Maliza noti moja, isikilize, ndipo uende ya pili.

Kondoo tunao tele huku Chalinze. Kwa nini felti itoke Ulaya? (Kijana seremala)

Swali zuri sana hili. Kondoo wetu wengi, wale wa Kimaasai wenye mkia wa mafuta na wale wa kichwa cheusi, wana nywele, sufu hawana. Umewahi kuona sweta ya sufu imefuliwa kwa maji ya moto ikatoka inamtosha mtoto? Uzi wa sufu una magamba madogo mno, kama ya samaki. Ukiupa unyevu, joto na msuguano, magamba yanang'ang'aniana na hayaachiani tena. Felti huzaliwa hivyo, bila gundi wala mshono.

Zamani nyundo zilivikwa ngozi. Mwaka 1826 Jean-Henri Pape wa Paris alipata hataza ya nyundo za felti, na tangu hapo kinachotafutwa ni sufu nyembamba, safi, yenye mnepo, hasa ya kondoo wa merino. Mji wa Wurzen, Ujerumani, unasifika kwa felti hiyo. Hutengenezwa kwa utepe mnene upande wa besi, unaozidi kuwa mwembamba kuelekea sauti za juu, kisha hukunjwa kwa nguvu kwenye kiini cha mti na kugandishwa kwa gundi. Tabaka la nje linavutika, la ndani linabanwa. Siku moja nilichukua nyundo kuukuu nikaukata utosi wake kwa wembe: felti ilifunguka yenyewe kama mdomo. Mvuto ule ndio unaoirusha nyundo kutoka kwenye waya kabla haijaizima sauti. Felti duni haina mvuto huo, hata ukiipamba vipi.

Na sufi ya mito je? (Mama wa Kaole)

Hapana, mama. Sufi ya msufi ni laini, ina nta na haina magamba, kwa hiyo haishikani. Iache kwenye mito.

Fundi mmoja alizipaka nyundo zangu vanishi ili sauti ing'ae. Sasa inachoma masikio. (Msomaji wa Dunda)

Pole sana, ndugu yangu. Kuna mahali kazi hiyo ni halali: kiwanda cha piano cha Steinway, New York, hutumia nyundo laini kisha huzinywesha laka nyepesi, jamii ya vanishi. Lakini nyundo iliyobanwa sana tangu kiwandani inataka sindano, haitaki laka. Aliyekupakia hakuuliza una nyundo za aina gani, na hilo linaniuma, maana vanishi ikishakauka ndani ya sufu haitoki. Jaribu sindano kwenye noti tatu za katikati. Zikikataa, weka akiba ya nyundo mpya.

Nimekuta vitundu na unga kwenye felti. Ni mchwa? (Dada wa Tanga)

Ni mabuu ya nondo. Hula sufu kama walavyo sweta za sufu kabatini, na hupenda giza na utulivu. Vuta vumbi lote kwa mashine, mpaka chini ya vibonyezo. Usipulize dawa ya mbu humo ndani. Kisha piano ifunguliwe na ipigwe kila siku, hata na watoto.