Figo ya mdogo wangu, na haya ninayoona

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Kibosho, Moshi. Hii ni wiki ya sita tangu nipandikizwe figo Dar es Salaam; aliyenitolea ni mdogo wangu wa kiume. Nyumbani wageni hawakatiki. Mama mkwe ananiletea kisusio, ile supu yetu ya damu, na chupa ya mizizi aliyoichemsha, ananisimamia mpaka nimalize. Juzi saa mbili usiku sebule ilijaa watu, nikaona haya kumeza vidonge mbele yao, nikaja kukumbuka saa tano. Mdogo wangu haendewi na mtu. Amesharudi kwenye bodaboda, anasema kidonda kinamuuma, anameza diklofenaki. Nikikutana naye nashindwa hata kumtazama. Nifanyeje?*
*Mwenye Deni*

Marahaba, mwanangu. Naanza na mdogo wako. Umemweka mwisho wa barua, lakini nadhani ndiye aliyekushikisha kalamu.

Mpigie simu sasa hivi, haya mengine utayasoma baadaye. Aache hiyo diklofenaki, na asiibadilishe kwa ibuprofeni. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na yeye amebaki na moja. Maumivu atulize kwa parasetamo, na kidonda kinachouma mpaka wiki ya sita akakionyeshe kwa daktari, si kwa muuza duka la dawa. Nawe diklofenaki na ibuprofeni usiziguse.

Hebu fikiria. Wewe uliingia hospitali mgonjwa ukatoka na nafuu. Yeye aliingia mzima akatoka na mshono. Kuku wote wakaja kwako, kwake hakuna aliyepeleka hata chupa ya chai. Ukoo umemchukulia kama mtu aliyeazimisha jembe. Kabla ya Novemba 2017, Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, watu walikuwa wakipelekwa India kwa ajili ya kitu hicho alichokupa kijana wa bodaboda.

Umejiita Mwenye Deni. Hilo deni halilipiki, na ukilazimisha kulilipa utamgeuza ndugu yako kuwa mdai. Cha kufanya ni kidogo zaidi ya hapo. Mumeo aite wanaume wa familia, wachange hesabu anayompelekea tajiri wa pikipiki, hata ya wiki tatu, apumzike asipande na kushuka milima hiyo na abiria wawili mgongoni. Kuku atakayekuja kwako kesho apelekwe kwake. Na kila mwaka, maisha yake yote, apimwe presha, mkojo na damu. Nauli ya siku hiyo iwe juu yenu. Halafu kaa naye. Usimwombe msamaha, hukumkosea. Mwulize tu usiku anaweza kulalia upande gani.

Wageni ni kazi ya mumeo. Aweke kiti nje, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mwenye kikohozi asalimie akiwa getini. Dawa zinazozuia mwili usiikatae figo ndizo hizo hizo zinazodhoofisha kinga yako, na miezi hii ya kwanza ndiyo dozi huwa kubwa. Zizini usiingie, maziwa yachemshwe. Joto la mwili likifika 38, mkojo ukipungua, au pakiuma pale chini ya tumbo karibu na nyonga ilipolazwa figo mpya, usingoje kuche. Mteremke hospitali ya KCMC siku hiyo hiyo.

Vidonge ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Unaona haya ya nini mbele ya watu wanaojua wote kwamba una figo ya mdogo wako? Ile dozi ya saa tano waeleze kliniki, na siku nyingine ukichelewa usimeze mbili kwa pamoja. Ila asubuhi ya kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu, nenda na kidonge mkononi, umeze ukishatolewa damu.

Sasa mama mkwe. Kisusio kina damu ambayo mara nyingi haijaiva sawasawa, na hiyo mizizi hakuna daktari atakayekwambia itafanya nini ikikutana na dawa zako. Usimwage kwa siri. Siku akijua, utakuwa na ugomvi juu ya ugonjwa. Nenda naye kliniki, ayasikie kwa daktari mwenyewe, na hapo hapo aulize kama kiwango chako cha potasiamu kwenye damu kinaruhusu mtori wa ndizi. Mkirudi, mkabidhi saa. Mwambie, "Mama, wewe ndiye wa kunikumbusha dawa." Mwanamke anayeweza kukusimamia mpaka ukaona chini ya kikombe cha kisusio, vidonge vitatu havitamshinda.