Kabla hujachora kava, uliza karatasi

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nachora kadi za harusi na mabango, nataka kuingia kwenye makava ya vitabu. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nakumbuka mambo niliyodhani yameshapoa. Najua mko wengi mnaoitamani kazi hii, basi jibu naliweka hapa.

Miaka ya kubangaiza naiacha, haina utamu. Nianzie kwenye riwaya moja ya kurasa 240, saizi ya A5. Mchapishaji, simtaji, aliniambia ndani itakuwa karatasi ya gramu 80, yaani uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo. Kurasa 240 ni karatasi 120, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1. Kwa hiyo mgongo wa kitabu unakuja milimita 12. Nikapanga jina la riwaya pale mgongoni, likakaa katikati barabara. Prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ikapita, kila mtu akasifu.

Kumbe huku nyuma wakabana matumizi, wakahamia gramu 60 bila kunipigia hata simu. Mgongo ukasinyaa zaidi ya milimita mbili. Utasema milimita mbili ni nini. Kava lilipokunjwa, rangi ya mgongo ilimwagikia mbele na jina likapanda ukingoni. Siku ya uzinduzi nikasikia mgeni mmoja akiuliza kwa sauti, "Huyu dizaina kasomea wapi?" Aliyebadilisha karatasi alikuwa hatua chache tu, soda mkononi, kimya. Nikikikuta kitabu kile dukani hadi leo nakigeuza mgongo uangalie ukutani.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: uliza karatasi. Idadi ya kurasa na gramu, kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp. Wakisema "tutakuambia baadaye", chora kava la mbele na usubiri kuhusu mgongo.

Halafu rangi. Mteja anatazama kava kwenye simu, bluu ya bahari inawaka, anaidhinisha. Simu inatoa mwanga. Mashine inapiga wino wa rangi nne, ile CMYK, na bluu ile inatoka imeelekea zambarau. Mwonyeshe iliyochapwa, hata nakala moja, ndipo aidhinishe. Acha na milimita 3 za ziada za rangi kila upande kwa ajili ya kisu kinachokata kingo. Msimbo wa ISBN, ile mistari yenye namba ya kitabu nyuma ya kava, uwe mweusi juu ya nyeupe. Najua kuna mtu atataka uwe mwekundu ufanane na kava. Skana nyingi zinatumia mwanga mwekundu, mistari myekundu hazioni. Na kuhusu mgongo, nimeshasema: uliza karatasi.

Ila vijana wenzangu, tatizo letu kubwa si mashine. Hatusomi! Mtu anapewa mswada wa riwaya ya wachuma karafuu wa Pemba, anaweka mti wa mgunga wa mbugani na jua la machweo. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani walichekwa sana mtandaoni mwaka 2014 kwa kubandika mgunga huo huo kwenye riwaya za Afrika, iwe hadithi ya Nigeria au ya kwingineko. Wao walau wako mbali. Wewe wa Temeke una kisingizio gani? Mimi nausoma mswada mzima, na ndiyo sababu waandishi wananirudia. Sijisifu, au basi najisifu kidogo. Siku hizi wanakuja na picha iliyotolewa na akili mnemba, mchumaji ana vidole sita, wanakwambia "weka tu maandishi". Kataa kazi hiyo.

Mwisho, jina lako. Riwaya ile iliyoharibika ilimtaja mhariri, mpiga chapa, hadi mpiga picha wa mwandishi. Mimi sikutajwa, ila lawama zilinifikia. Sasa makubaliano yangu yanasema wazi: nusu ya malipo kabla sijaanza, jina langu kwenye ukurasa wa hakimiliki, na mchapishaji akibadilisha karatasi gharama ni zake. Faili la mwisho linatoka pesa yote ikishaingia. Wapo waliosoma vipengele hivyo wakanuna, wakaenda kwa mwingine. Waende.