Na sifuri nazo ziandikwe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasa letu lilipanda mashua kwenda kutazama nyangumi na ndege wa baharini. Kwa muda wa saa nne niliona mgongo mmoja tu, tena kwa mbali. Msimamizi alitutaka tujaze daftari kila baada ya dakika 10 hata kama hakuna kitu, na ukurasa wangu umejaa sifuri. Sasa ripoti nitaandika nini? Na ndege wanahusiana nini na nyangumi?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Marahaba mwanangu. Hizo sifuri usizifute. Msomaji akikuta "nyangumi 1" peke yake, atajuaje kama mlikaa dakika tano mkabahatika, au mlikesha macho saa nne? Kando ya kila sifuri andika na hali ya bahari, maana mawimbi yakishaanza kuvunjika na kutoa povu jeupe, mgongo unapita mbele yako usiujue. Tena nyangumi mwenye nundu mara nyingi huzama dakika 5 hadi 15. Dakika zako 10 zinaweza kuisha yuko chini ya mashua yenu.

Ule mgongo mmoja, kama hukuona pezi wala jinsi pumzi ilivyopanda, andika "spishi haikutambulika" na usione haya. Kubahatisha jina ndiko kunakopunguza maksi.

Ndege je? Shakwe na buabua wakikusanyika mahali pamoja na kujitupa majini, chini yao kuna samaki wadogo waliosukumwa juu, na huenda anayewasukuma ni pomboo au nyangumi. Kwa hiyo usihesabu vichwa tu. Anayepita moja kwa moja muandike "anasafiri", anayejitosa muandike "anakula". Aya nzuri ya ripoti yako imo humo.

Halafu huenda kuna nyangumi uliyemkosa kwa sababu nyingine kabisa. Safari yangu ya kwanza ya kusimamia wanafunzi niliiharibu mwenyewe. Tulikubaliana kuelekezana kwa uso wa saa, omo, yaani mbele ya mashua, ikiwa 12. Binti mmoja akapaza sauti, "Saa tatu!" Nusu ya darasa wakageukia kulia, kwenye namba 3. Nusu nyingine wakageukia kushoto, kwenye namba 9, maana ndipo mshale mfupi unapokaa ikifika saa tatu yetu. Mkia ukanyanyuka upande wa kulia, maji yakichuruzika kingoni, ukazama taratibu bila kelele. Wa kushoto walipogeuka walikuta duara la maji laini tu.

Tangu siku hiyo tunasema "namba tatu", na neno saa limepigwa marufuku mashuani. Madaftari yalipokuja mezani, nusu yalisema 1, nusu sifuri. Yote niliyatia alama ya vema.