Gari la rimoti lafa mchangani, nianze kubadilisha nini?

SWALI: Asalam aleikum fundi. Niko Langoni, Lamu. Kijana wangu wa miaka 12 mjombake alimletea lori la rimoti la ukubwa wa 1/10, lasukumwa na magurudumu ya nyuma, mota ni ya brashi na betri ni NiMH ya 7.2V. Hapa uani lilikuwa laenda safi kabisa ila tangu tuanze kulipeleka Shela maji yakitoka, dakika 5 tu mota yawaka moto, juzi gia kubwa ya plastiki imelika meno na magurudumu ya mbele yameanza kulia kwiii. Mjomba yuko tayari kutuma mota ya brashilesi (isiyo na brashi, yenye nguvu zaidi) na betri ya 3S, yaani LiPo (ya lithiamu) yenye seli tatu. Nimwambie atume?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Mwambie mjomba angoje kwanza. Gari lenu halijakosa nguvu, linaliwa na mchanga na chumvi, na ukilipa nguvu zaidi sasa hivi litavunjika mapema zaidi. 3S ni volti 11.1, na nguvu yote hiyo itapitia kwenye gia ileile ya plastiki na shafti zilezile.

Hicho kilio cha mbele ni beringi zimeshika kutu. Ule mchanga mgumu mnaoupenda maji yakipwa una maji ya bahari ndani yake, kwa hivyo pandeni juu kidogo palipokauka, lakini msiende kwenye milima yenyewe ya mchanga manake ndiyo inayochuja maji ya mvua tunayokunywa Lamu, na mimea yake ikikanyagwa mchanga wahama. Agiza seti nzima ya beringi zenye mfuniko wa raba pande zote mbili, si ghali, na kwangu mimi hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutoka mfukoni. Magari mengine, zile za Tamiya nyingi tu, huja na bushi za plastiki badala ya beringi, basi hapo ukibadilisha utaona tofauti siku hiyohiyo.

Sasa joto. Mchanga mwepesi ni kama kupanda mlima muda wote, mota yavuta umeme mwingi na haipati nafasi ya kupoa. Tazama ile gia ndogo iliyo kwenye mota yenyewe, kama ina meno 21 weka ya 17 au 18. Spidi ya mwisho itapungua ila mota itapumua na betri itakaa zaidi. Ukifunga gia mpya usikisie kwa macho: kata ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya gia mbili, sukuma mota mpaka zibanane, kaza skrubu, halafu zungusha kwa mkono mpaka karatasi itoke. Ikitoka imekunjika vizuri bila kuchanika umepatia, ikichanika umebana sana. Nadhani hapo ndipo gia yenu ya kwanza ilipolikia, ama kifuniko cha gia kimeacha mwanya chembe zikaingia, kwa hivyo angalia vyote viwili.

Tairi za nyuma mtafutie kijana zile za makasia, hupiga mchanga vile kasia lapiga maji. Kwenye sakafu ya simiti zitaisha upesi, azifunge siku za ufukweni tu. Mikono ya chini inayoshika magurudumu akija kuivunja anunue ya nailoni, si ya alumini hata kama yang'aa: nailoni hupinda ikarudi, alumini ikipinda imepinda na ule mshindo wote waingia ndani kwenye chesisi.

Na kila mkirudi nyumbani, toa betri, pukuta mchanga kwa brashi ya rangi, pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi (ya kisima, si ya bahari jamani), weka upepeni likauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila beringi. Mfundishe kijana afanye mwenyewe, miaka 12 anaweza kabisa.

Gari likishatulia hivyo miezi miwili mitatu, hapo ndipo mjomba atume LiPo ya 2S (seli mbili), lakini kwanza hakikisha kidhibiti cha spidi kina kinga ya LiPo (hukata umeme kabla betri haijashuka kupita kiasi) na imewashwa.

SWALI: Fundi, mimi wa Malindi, hiyo LiPo nimeshanunua, ni 5000mAh. Nachaji vipi?

JIBU: Kwa chaja ya LiPo yenye waya mdogo wa kusawazisha seli, si ile ya NiMH hata siku moja. Weka ampea 5, seli isipite volti 4.2 na ukicheza isishuke chini ya 3.2. Kama hutacheza wiki nzima iache kwenye 3.8 kwa seli. Chajia kwenye sakafu ya simiti ukiwa hapohapo waiona, si juu ya mkeka na si chini ya paa la makuti. Ikivimba usiichaji tena.