Anza na spika za milango ya mbele

Kaka, umesema redio iliyokuja na gari lako, Toyota IST, kutoka Japani inakwaruza ukipandisha sauti, besi hakuna, na mfukoni una laki moja na nusu. Redio usiiguse kwanza. Hela ipeleke kwenye spika mbili za mbele. Zile za kiwandani mara nyingi ni koni (ule utando unaotikisika na kutoa sauti) ya karatasi na sumaku ndogo. Ukiishika mkononi utaona ilivyo nyepesi.

Dukani usihangaike na wati 500 zilizoandikwa kwenye boksi. Redio ya kiwandani hutoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, kwa hiyo tafuta spika ya ohimu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) yenye desibeli 90 au zaidi za usikivu, yaani sauti inayotoa kwa nguvu ileile ya umeme. Hiyo italia vizuri kwa nguvu ndogo.

Fundi akifungua mlango, simama palepale. Spika ibanwe vizuri, izungushiwe sponji, na matundu makubwa ya bati yazibwe kwa shiti ya lami yenye alumini. Besi nyingi hupotelea hapo, maana hewa ya nyuma ya koni ikikutana na ya mbele, zinauana. Hakikisha pia chanya na hasi hazijageuzwa upande mmoja. Zikigeuzwa, hata spika ya bei mbaya itakosa besi.

Sabufa iache kabisa kwa sasa. Chenji ikibaki, nunua ekspanda ya FM, kidude cha kuiwezesha redio kunasa stesheni za juu, kwa sababu redio nyingi za Japani huishia megahezi 90 na stesheni zetu zinafika 108.